Sita Iliyogeuka Tisa

Jumanne, 24 Machi

Asubuhi hii Mzee Bakili hakunidai mbuzi. Nilipita barazani makusudi, nikapunguza mwendo, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya kutafuta ugomvi. Akaniinulia mkono tu, akarudi kuangalia mvua.

Tangu nipange chumba katika nyumba hii ya Mtaa wa Likoma, hajawahi kuniacha nipite bure. Yeye ni Myao wa Tunduru, mimi Mngoni wa Songea, kwa hiyo ni watani, na anadai kwamba babu zangu walipopita kwao na mikuki yao waliondoka na mbuzi wa babu yake. Kila asubuhi huwadai mbele ya wapangaji wote: “Mngoni, mbuzi wangu wako wapi?” Nami sharti nijibu: “Tumewala, zimebaki pembe.” Baada ya hapo ndipo ninapopata marahaba yangu.

Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa koo. Uvimbe umetoka, kidonda kimepona, anakula vizuri, ila sauti imekwenda na uvimbe. Daktari amemwambia asiisubiri. Kinachotoka sasa ni upepo mtupu. Kwa mtu mwingine ungesema shukuru Mungu uko hai, lakini huyu ni dalali wa mnada wa samaki Feri, na kwa sauti ile alikuwa akiuza kapu la kolekole huku mnunuzi yuko ng'ambo ya pili ya soko. Mpwa wake, Mudi, anamshikia kizimba chake cha mnada kwa sasa. Mwenyekiti wa madalali, Bwana Haruna, amesema watamvumilia hadi masika yaishe. Yakiisha na bado hawezi kunadi, kizimba kitapewa mwingine.

Sijui kwa nini naandika haya. Labda kwa sababu leo sikupata marahaba.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepata wazo, na ni zuri kiasi kwamba chai niliinywa nimesimama.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za mabango ya taa, yale ya KARIBU na DUKA LIKO WAZI yanayopita maandishi kwenye vioo vya maduka. Karakana yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mama Pinal, Mtaa wa Aggrey. Nikiunganisha paneli sita ndani ya fremu moja, Mzee Bakili atabonyeza bei kwenye simu yake na soko zima litaisoma. Wanunuzi wanyooshe mikono, yeye abonyeze, bei ipande. Sauti ya nini?

Kazi ni kumwomba Mama Pinal paneli. Jina lake ni Rekha, ila hapa hakuna anayelitumia, ni Mama Pinal kwa wote. Ni tajiri wangu na ni bahili wa kutupwa. Hesabu ya skrubu anaijua. Mzigo ukifika kutoka China hukaa nao yeye mwenyewe, wembe mkononi, anakwangua lebo za kiwandani moja moja, kisha anabandika lebo ya duka lake, zote sare. Kariakoo ukiacha lebo ya kiwanda, jirani wa mlango wa pili anaagiza mzigo huohuo na kuuza chini ya bei yako.

Nimemweleza habari za mzee. Akaniuliza kama jina la duka litaandikwa chini ya bango. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama huko Feri kunanuka kweli kama watu wanavyosema. Yeye hali samaki, wala hajawahi kukanyaga huko. Nikasema kunanuka zaidi. Akanipa paneli sita.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Kuchomelea waya.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Waya tena. Nimeungua kidole.

Alhamisi, 2 Aprili

Bango limewaka, na paneli ya tatu imesimama kwa kichwa. Tano zote wima, hiyo moja miguu juu.

Kwanza nilidhani nimeifunga vibaya. Nikaifungua, nikaifunga tena, bado. Kumbe tatizo liko ndani. Kila paneli ina chipu yake, na ndani ya chipu mna visanduku vidogo vyenye namba, tunaviita rejista. Kiendeshi, yaani ile programu inayoongea na skrini, kinachofanya ni kutia tarakimu kwenye visanduku hivyo: hiki cha mwanga, hiki cha rangi, hiki cha mwelekeo. Sasa kiwanda kimetoa chipu ya toleo jipya. Kwa nje ni ileile, ila ndani wamebadilisha. Kwenye toleo la zamani, ukitia sifuri kwenye kisanduku cha mwelekeo, maandishi yanakaa wima. Kwenye jipya, sifuri hiyohiyo inayapindua. Ni sawa na kuhamia nyumba yenye ramani moja na ya zamani, halafu ukiwasha taa ya jikoni inawaka ya chooni.

Nimeongeza mstari mmoja: paneli ya tatu, tia moja badala ya sifuri. Ikasimama. Nikacheza peke yangu karakana nzima.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kanisani, wali, kuku, mvua. Nilimpelekea Mzee Bakili sahani na kumwambia kwamba huyo kuku ni riba ya mbuzi. Alicheka kwa mabega. Sauti haikutoka na nikajuta kumchekesha.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeaibika mbele ya soko zima, na nataka niandike yote kabla hasira haijapoa.

Jana Mudi alikuja kuchukua bango. Mvua ilikuwa inamwaga, na ni kijana makini, akaogopa maji yasiingie. Akazitoa paneli zote kwenye fremu, akaifunga kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni, akazipeleka Feri kwa bodaboda na kuzipanga tena leo alfajiri. Alizipanga vizuri sana. Aliziangalia mgongoni zote ni moja, lebo moja ya duka la Mama Pinal, basi akaziweka jinsi zilivyotoka mfukoni.

Nilipofika tukajaribu. Desturi ya kujaribu bango la tarakimu ni kuwasha nane tupu, kwa sababu nane inawasha kila taa. Zikawaka nane sita, nyekundu, nzuri. Mzee Bakili alivaa kanzu kama anakwenda kwenye ndoa. Watu walijaa, wengine kwa ajili ya samaki, wengine kutazama dalali bubu ananadi.

Likaja kapu la kolekole. Akaanza elfu hamsini. Mikono ikanyooka, akabonyeza hamsini na tano, kisha hamsini na nane. Mambo yalikwenda kwa ulaini hata Bwana Haruna akakunjua uso. Mama mmoja wa Buguruni, anaitwa Matilda, mnunuzi wa siku nyingi, akanyoosha mkono wa sitini. Mzee akabonyeza sitini. Bango likasoma 90000.

Mwenye samaki akaruka juu kwa furaha na kumshika Mama Matilda mkono, anamshukuru, anamwombea maisha marefu. Mama Matilda akamwambia amwachie mkono kabla hajaupata wa pili usoni. Mzee akabonyeza tena sitini, likasoma tisini. Akafuta, akabonyeza, tisini. Pale pale nikaelewa. Tano, nane na sifuri, kwa tarakimu zangu za pembe pembe, ukizipindua zinabaki zilezile. Sita ukiipindua ni tisa. Paneli inayosimama kwa kichwa ilikuwa imehamia ya pili, inayobeba tarakimu ya kwanza, maana bei ya tarakimu tano huacha paneli ya kwanza tupu, na hakuna mtu aliyeiona mpaka sita ya kwanza ilipotokea.

Mzee alifungua mdomo kusema bei. Nilimwona. Mishipa ya shingo ilimsimama, na hakuna kilichotoka. Mudi akapiga kelele badala yake, sitini, sitini, na mnada ukaendelea kwa sauti ya Mudi.

Bwana Haruna alinivuta kando. Hakugomba, na afadhali angegomba.

“Binti, dalali bubu tunaweza kumvumilia. Dalali anayedanganya bei hatuwezi, hata kama anayedanganya ni bango lake. Lilete mara moja tu tena. Likikosea, mimi na yeye tumemalizana.”

Nililia nyuma ya mapipa ya barafu. Mzee Bakili akanikuta huko, akavua kitambaa chake cha begani, nikadhani ananipa nifute machozi. Akafutia bango matone ya mvua, paneli moja moja, kwa uangalifu. Kisha ndipo akanipa kitambaa.

Jumapili, 12 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimesingizia mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimegombana na Mama Pinal.

Nilizitandaza paneli mezani, nikazigeuza mgongo, nitambue ipi ni ya toleo jipya ili niiwekee alama. Mgongoni hakuna kitu ila lebo ya duka na mikwaruzo ya wembe. Na hata hilo si baya kama hili nililoligundua baadaye: Feri zilikuwa zimepinduka mbili. Ile yenyewe kwa asili yake, na ya tatu niliyoiamuru mimi igeuke ilhali ilikuwa nzima kabisa.

Nikashuka dukani na hasira zangu. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba wembe wake umemponza mzee wa watu, kwamba angeacha namba za kiwanda nisingefika huku. Mama Pinal hakuinua macho kwenye kikokotoo.

“Lebo ni yangu, nitabandika ninavyotaka,” akasema. “Chipu yenyewe sijaigusa. Kama wewe fundi, kaiulize.”

Nikapanda ngazi nikijibu moyoni matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nilipofika ghorofa ya pili nikasimama. Kaiulize! Kila chipu ina kisanduku kimoja ambacho hatukiandikii kitu, tunakisoma tu, na ndani yake kiwanda kimetia jina la toleo. Hakuna wembe unaofika humo. Nilikijua tangu siku ya kwanza, nikakipuuza kwa sababu paneli ya tatu ilikuwa mbele ya macho yangu na kuandika “ya tatu” kulikuwa rahisi.

Nikarudi chini kumwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, nipande nikafanye kazi.

Jumatano, 15 Aprili

Kiendeshi nimekiandika upya chote. Sasa hakijui habari za ya kwanza wala ya tatu. Bango likiwashwa, kinapita kwa kila paneli kinabisha hodi: wewe nani? Ikijitaja, kinatazama kwenye jedwali moja dogo lenye tofauti zake zote, mwelekeo wake ni sifuri au moja, mwanga wake uko kisanduku gani, kisha kinaipa haki yake. Kwingine kote, programu ni moja kwa wote.

Nikazichanganya paneli kama karata. Nikawasha. Sita wima, zote.

Ijumaa, 17 Aprili

Mama Pinal amepanda ghorofa ya tatu, jambo ambalo huwa halifanyi kwa sababu ya magoti. Nyuma yake mpagazi na boksi. Akalitua, akasema humo kuna masalia ya mizigo yote ya mwaka, kama nataka kuziuliza majina. Akavuta kiti.

Tukakaa mchana kutwa, mimi naunganisha, yeye anashangaa. Kila paneli ikijitaja anasema aa, hii ni ya mzigo wa kabla ya Diwali, aa, hii ni ya yule Mchina aliyenichelewesha. Nyingi ni matoleo yaleyale mawili. Halafu ikaja moja ikajitaja jina ambalo halimo kwenye jedwali langu wala kwenye kitabu chochote cha kiwanda, na ikakaa giza. Haina upande wa juu wala wa chini, giza tu.

Mama Pinal alisema tuitupe. Nikakataa. Akaagiza chai, na hii ni mara ya kwanza chai ya duka kupanda ghorofa ya tatu.

Jumanne, 21 Aprili

Bado giza.

Jumatano, 22 Aprili

Giza. Mama Pinal ameuliza habari zake mara mbili kana kwamba ni mgonjwa.

Ijumaa, 24 Aprili

Imewaka! Inataka kuamshwa kwanza: kuna kisanduku cha usingizi ambacho matoleo mengine yanakiacha wazi, hii wamekifunga kutoka kiwandani. Ukitia tarakimu inayotakiwa, ukasubiri kidogo, inafumbua macho. Nikaongeza mstari mmoja kwenye jedwali. Nikapiga kelele, Mama Pinal akapanda ngazi mbio na magoti yake yote, akaikuta inaandika PINAL. Akaitazama muda mrefu. Pinal ndiye binti yake, yuko masomoni Pune, India, tangu mwaka juzi, na mimi sikuwahi hata kumuuliza kama anamkumbuka.

Nilimhesabu kuwa mtu wa skrubu. Nilikosea, na nimefurahi kukosea.

Jumapili, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Bonde la Jangwani limejaa maji, barabara imefungwa, watu wa Magomeni hawapiti. Nililala.

Jumamosi, 2 Mei

Mzee Bakili amekuja karakana na simu yake. Anaonyesha kibodi, kisha bango, kisha kibodi. Baada ya mabishano ya mikono nikaelewa kwamba anataka herufi pia, si tarakimu peke yake.

Nikamwambia mnada ni bei, bei ni tarakimu, herufi za nini? Akasisitiza. Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya majina ya samaki. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa, upesi mno kwa maoni yangu. Nimemwekea. Faida yake ni kwamba sasa tunajaribu bango kwa neno KOLEKOLE, maana E iliyopinduka hata mtoto anaiona. Nane sizitaki tena.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua imepungua. Jua lilitoka saa za adhuhuri na Mtaa wa Kongo mzima ukatoa mvuke. Zamani ningefurahi. Sasa kila wingu likiondoka nahesabu kwamba Bwana Haruna ameliona likiondoka.

Jumamosi, 16 Mei

Ngoja niandike polepole, nisiruke kitu.

Tulifika Feri jua likichomoza. Mama Pinal alikuja pia. Amejifunga mtandio puani mara mbili, amevaa viatu vya plastiki alivyovinunua kwa safari hii tu, na kila jodari akipitishwa karibu naye anasema jina la mungu. Lakini alisimama mbele kabisa. Jina la duka lake liko chini ya bango na alitaka kuona kama limekaa sawa.

Mudi alikuwa amezitoa tena paneli kwenye fremu, safari hii kwa kuagizwa na mimi. Nikamwambia azipange anavyotaka. Akafumba macho, akazichukua kwa kupapasa, akazifunga, na moja kati yake ilikuwa ile ya usingizi, niliyoiweka badala ya moja ya zamani. Mzee Bakili alikuwa akikaza skrubu za fremu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuniinulia hata mkono. Nikajua ana hofu kuliko mimi.

KOLEKOLE ikapita, herufi zote wima.

Kapu la kwanza lilikuwa la kolekole, na aliyesimama mbele ni Mama Matilda wa Buguruni, mikono kiunoni, amekuja kusubiri makosa. Hamsini. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Mama Matilda akanyoosha mkono wa sitini na kuuacha hewani, huku anatazama bango, wala si samaki.

60000.

Mtu akaguna nyuma. Mwingine akasema sitini na sita, nadhani kwa ubishi tu, kulijaribu. 66000. Akaja wa sitini na tisa, 69000, wima kama askari. Ikawa mchezo, watu wanapanda bei ili waone sita nyingine, na mwenye samaki anawabariki wote. Mzee Bakili akaanza kuwa yule ninayemjua. Bega likacheza, kidole kikamchokoza mnunuzi aliyesita, akajifanya kumpa kapu mwingine, akalirudisha. Midomo yake ilikuwa inanadi kimya kimya, na bango linasema. Kapu la pili, la tatu. Mudi alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu Februari, akanunua kahawa.

Bwana Haruna alipita kila upande, hata nyuma, akaangalia mgongo wa bango kama kuna mtu amejificha. Mwishowe akamshika mzee mkono mbele ya madalali wote.

“Kizimba ni chako, Bakili. Na ukitaka kustaafu ulete bango, wewe ubaki nyumbani.”

Watu wakacheka. Mama Pinal alishusha mtandio puani ili acheke vizuri, akajuta papo hapo. Mimi nililia tena, pale pale mbele ya watu, sikwenda kwenye mapipa.

Nilikuwa nageuka kuondoka nilipoona bango limezimika. Mzee Bakili ameinamia simu yake, anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kisha herufi zikaanza kutoka kulia, zikipita paneli moja hadi nyingine, toleo la zamani, jipya, lile la usingizi, na hakuna iliyoyumba:

MNGONI MBUZI WANGU WAKO WAPI

Soko zima likageuka. Wakawa wanaulizana Mngoni ni nani, Mngoni yuko wapi, amechukua mbuzi wa mzee? Mudi akaninyooshea kidole. Mama Pinal, ambaye hajui habari za utani, akanishika mkono kwa wasiwasi, akaniuliza kama ni mbuzi wengi.

Nikavuta pumzi. Nikapiga kelele kwa sauti ya kutosha watu wawili:

“Tumewala! Zimebaki pembe!”

Mabega ya Mzee Bakili yakacheka. Akainamia simu tena, na neno likapita polepole juu ya makapu ya samaki, kila herufi imesimama kwa miguu yake: MARAHABA.